Asili ya "Al" katika Maneno ya Kiingereza

Mtu afunguapo kamusi ya Kiingereza penye herufi A, akashuka polepole mpaka pale ambapo herufi ya pili ni L, hukuta msafara mrefu wa maneno yaliyopangwa safu moja kama askari wa kikosi kimoja. Yako "alchemy", "alcohol", "alcove", "algebra", "alkali" na "almanac". Na katikati yao, bila ya uzio wa kuyatenga, yako "alligator", "almond", "alms", "alone", "already", "altar" na "always". Mpangaji wa kamusi hana budi kuyaweka pamoja, kwani sheria ya kazi yake ni alfabeti, na alfabeti haimwulizi mtu kabila lake wala ukoo wake. Lakini machoni pa mwanafunzi wa historia ya lugha safu hiyo ni kama abiria waliokutana bandarini: nguo zao zimefanana, bali kila mmoja ameteremka katika chombo chake.

Uchunguzi wa abiria hao una faida kwa msomaji wa Kiswahili kuliko unavyodhaniwa. Kwa muda mrefu Kiswahili kimesimangwa kuwa ni lugha ya kuungaunga, isiyo na mwili wake yenyewe, kwa sababu tu ya wingi wa maneno yake yenye asili ya Kiarabu. Aghalabu masimango hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo yenyewe imejaa mali ya wengine toka sakafuni mpaka darini. Hakuna haja ya kulipa simango kwa simango. Linalofaa ni kuyatazama maneno machache ya Kiingereza yanayoanza kwa herufi hizo mbili, na kuuliza yalipita njia gani. Maana baadhi ya maneno hayo yana ndugu zao Uswahilini, waliofika kwa njia nyingine kabisa.

Kwanza yafaa kuwaondoa wale wasiohusika. "Already", "also", "always", "almost" na "alone" ni watoto wa nyumbani. "Al" yao ni neno la Kiingereza "all", lenye maana ya -ote, lililopunguzwa herufi moja. "Alone" kwa asili ni "all one", yaani mmoja mtupu. "Alms", yaani sadaka, ilitoka katika Kigiriki kwa njia ya Kilatini cha kanisa, ikafika Uingereza zamani za Waanglo-Saksoni. "Altar" ni ya Kilatini. Hawa wote hawana udugu na "algebra" hata chembe.

Mmoja tu kati ya hao wa kuondolewa anastahili kusimamishwa kidogo, naye ni "alligator". Waspania walipoingia bara la Amerika katika karne ya 16, wakamwona mnyama afananaye na mamba, walimwita "el lagarto", maana yake mjusi. Waingereza walisikia maneno mawili wakayashika kama moja, na kile kineno cha mbele, "el", kikagandamana na jina milele. "El" hiyo haikutoka Uarabuni. Ni mjukuu wa neno la Kilatini lenye maana ya "yule". Hata hivyo mfano huu waonyesha waziwazi jinsi kosa lenyewe linavyofanyika: sikio la mgeni halijui mahali ambapo kineno cha mbele kinakwisha na jina linapoanza.

Katika Kiarabu kineno hicho ni "al". Kiswahili hakina mfano wake. Msemaji wa Kiswahili akisema "kitabu", hali ya mazungumzo ndiyo inayoonyesha kama ni kitabu chochote au ni kile kinachojulikana; Mwarabu husema "kitab" kwa maana ya kwanza, na "al-kitab" kwa maana ya pili. "Al" si sehemu ya jina, bali hulitangulia kama kaimu anayefungua mlango. Tena haitamkwi sawasawa kila mahali. Ikitangulia baadhi ya herufi, kama s, z, d, t, r na n, L yake humezwa, na herufi ifuatayo hukazwa: "al" na "sukkar" hutamkwa "as-sukkar". Kwa hiyo atafutaye "al" katika lugha nyingine asitazame L peke yake; mara nyingine imejificha.

Mwaka 711 jeshi la Tariq bin Ziyad lilivuka bahari nyembamba itenganishayo Afrika na Hispania, na mlima walipotua ukaitwa Jabal Tariq, ambao Wazungu wauita Gibraltar. Dola ya Wagothi ilivunjika, na kwa muda wa karibu miaka mia nane, mpaka Granada ilipoanguka mwaka 1492, Kiarabu kilikuwa lugha ya utawala, soko au elimu katika sehemu moja au nyingine ya nchi ile. Wenyeji walikopa maneno kwa wingi, na karibu kila jina walilokopa walilichukua pamoja na "al" yake. Sukari waliita "azúcar", pamba waliita "algodón", na chumba cha kulala waliita "alcoba". Waitaliani nao walikopa kwa Waarabu, hasa kupitia Sicily na biashara ya bahari ya kati. Lakini wao waliliacha kaimu mlangoni, wakasema "zucchero" na "cotone".

Tofauti hiyo imewashughulisha wanazuoni. Baadhi yao wamesema kwamba sababu ni Waberber, ambao walikuwa wengi kuliko Waarabu katika jeshi la Tariq, na ambao Kiarabu kwao kilikuwa lugha ya kujifunza. Majina ya Kiberber yenyewe huanza mara nyingi kwa kiambishi, na mtu aliyezoea jina lenye kichwa hakuona ajabu kuichukua "al" kuwa kichwa cha jina. Rai hii haikukubaliwa na wote, lakini ina mvuto wake. Na kwa Waswahili, ambao majina yao nayo yana viambishi mbele, ni rai isiyohitaji maelezo mengi.

Kiingereza kilikuwa mwishoni mwa njia zote mbili. Kwa hiyo "sugar" na "cotton" zilifika kwa njia ya Italia na Ufaransa, bila ya "al". Na "algebra" na "alcove" zilifika kwa njia ya Hispania zikiwa nayo. Mara nyingine neno moja lilifika mara mbili. Lile neno la Kiarabu la pamba, "qutn", liliingia Kiingereza kama "cotton", na pia kama "acton", vazi lililojazwa pamba ambalo askari wa zamani walilivaa chini ya deraya ya chuma. Deraya zilipotoka katika matumizi, "acton" ikazeeka nazo. Siku hizi hubaki katika vitabu vya historia. Watu wachache wakumbuka kwamba ile A yake ya mwanzo ni mabaki ya "al".

Neno lililosafiri kwa heshima kuliko yote ni "algebra". Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha hesabu mjini Baghdad katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala toka 813 hata 833. Katika jina la kitabu hicho yalikuwamo maneno mawili ya ufundi: "al-jabr" na "al-muqabala". La kwanza lina maana ya kurudishia au kuunga kilichovunjika. Ikiwa upande mmoja wa hesabu umepungukiwa, kile kipunguo huhamishwa upande wa pili kiwe ongezeko, na hesabu ikawa imeungwa kama mfupa uliotengana. La pili lina maana ya kukabilisha, yaani kupambanisha vya upande huu na vya upande ule, na kuondoa vilivyo sawa.

Mwaka 1145, katika mji wa Segovia, Mwingereza aitwaye Robert wa Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini. Alipofika kwenye maneno yale mawili hakuyafasiri. Aliyaacha yalivyo, pamoja na "al" zake, akayavika miisho ya Kilatini tu. Huenda Kilatini hakikuwa na neno la kumtosheleza. Huenda pia alipenda kuonyesha kwamba elimu hiyo ina wenyewe. "Almucabala" ilidumu kidogo katika vitabu kisha ikafa. "Algebra" ikaishi, nayo kwa muda ilikuwa na maana mbili huko Ulaya. Katika Hispania mwunga mifupa aliitwa "algebrista", na mtu wa namna hiyo ametajwa katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615. Kiingereza nacho zamani kilitumia "algebra" kwa kuunga mifupa. Mwanafunzi anayelalamika kwamba aljebra inamvunja mifupa hajui kwamba analisema neno hilo kinyume cha asili yake.

Jina la mwandishi mwenyewe halikusalimika. Wafasiri walimwita Algoritmi, kwa kuwa "al-Khwarizmi", yaani mtu wa Khwarizm, ilikuwa ngumu katika ndimi zao. Na kutoka humo likazaliwa neno "algorithm". Hapa "al" imekaa juu ya kabila la mtu, na mtu mzima amegeuzwa kuwa jina la kanuni ya kufanyia hesabu.

Robert hakuwa peke yake. Toledo ulikuwa umetekwa na mfalme Alfonso wa Sita mwaka 1085, na maktaba zake za Kiarabu hazikuchomwa. Watu wa elimu wakaufuata mji huo kutoka pande zote. Gerard wa Cremona alikwenda kutafuta kitabu kimoja tu cha elimu ya nyota, akakaa Toledo mpaka alipokufa mwaka 1187, na kabla ya kufa alikuwa amefasiri vitabu zaidi ya 70. Kile alichokifuata kilikuwa kazi ya Ptolemy, Mgiriki wa Iskanderia wa karne ya 2. Wagiriki walikisifu kwa neno lenye maana ya "kikubwa kupita vyote", "megiste". Waarabu waliitia "al" mbele ya sifa hiyo, ikawa "al-majisti", na Gerard alipomaliza kukifasiri mwaka 1175, Ulaya ikakiita Almagest. Basi kitabu cha Kigiriki kilirudi kwa Wazungu kimevaa kilemba cha Kiarabu juu ya jina la Kigiriki, na hakijakivua mpaka leo.

Elimu hiyo ya nyota iliingia Kiingereza chenyewe mapema. Chaucer alipomwandikia mwanawe mdogo Lewis risala juu ya astrolabu, mwaka 1391, alitumia istilahi za Kiarabu kana kwamba ni za nyumbani, miongoni mwazo "azimuth". Hiyo ni "as-sumut", yaani njia au mielekeo, na "al" yake imemezwa na S kama kanuni isemavyo. Neno hilohilo kwa umoja wake, "samt", lilitoa "zenith", bila ya "al", baada ya waandishi wa Kilatini kuisoma M yake kuwa "ni". Neno moja likapata watoto wawili, mmoja kwa matamshi, mwingine kwa kosa la kalamu.

Nyota nazo zina majina hayo. Aldebaran maana yake ni mfuasi, kwa sababu huonekana ikilifuata angani lile kundi dogo la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia. Waswahili, ambao kwa karne nyingi waliziongoza jahazi kwa nyota na kuvitazama vitu hivyo kwa kazi ya kulima, hawakungoja jina la kundi hilo kutoka kwa Waarabu. Walilipa jina kutokana na jembe lao. Mwingereza analitamka jina la mfuasi kwa Kiarabu, na Mswahili analitaja kwa Kibantu kundi linalofuatwa. Mtu akiuliza ni lugha ipi iliyokopa zaidi, jibu hutegemea ni nyota gani iliyoko juu.

Katika elimu ya dawa na madini "al" ilileta jambo jingine. "Al-kimiya" iliingia Kilatini, kisha Kifaransa, kisha Kiingereza kama "alchemy". Kwa muda mrefu ilikuwa na maana ya elimu yote ya kuchanganya, kuyeyusha na kugeuza vitu. Kisha wanazuoni wa Ulaya, walipoanza kusafisha Kilatini chao na kukirudisha karibu na Kigiriki, waliikata "al". Mwaka 1661 Robert Boyle alitoa kitabu chake kiitwacho The Sceptical Chymist, na hapo "al" haimo. Hata hivyo wakati ule majina yote mawili yalitumika bila ya tofauti kubwa. Baadaye tu ndipo yakatengana: lile lenye "al" likaachiwa watu waliotafuta kugeuza risasi kuwa dhahabu, na lile lisilo nayo likapewa wenye maabara. Herufi mbili zimebeba hukumu nzima ya karne moja juu ya karne zilizotangulia. Yaliyohesabiwa kuwa ndoto yameachwa na alama ya Kiarabu, na yaliyohesabiwa kuwa elimu yamevuliwa. Hukumu hiyo si ya haki. Baadhi ya vyombo na njia zilizotumika katika maabara mpya vilikuwa vilevile vya wale wazee.

"Alkali" ilitoka katika "al-qali", majivu ya mimea ya pwani iliyotumika kutengenezea sabuni na kioo. Wanakemia walipotafuta jina la Kilatini la madini ambayo Humphry Davy aliyatoa mwaka 1807, walichukua neno hilo, wakaondoa "al", wakasema "kalium". Ndiyo sababu madini ambayo Kiingereza huita "potassium" yaandikwa kwa alama ya K. "Alcohol" ni "al-kuhl", wanja ule wa machoni, ambao Waswahili huuita wanja wa manga. Katika karne ya 16 neno hilo bado lilikuwa na maana ya unga laini kabisa. Paracelsus, aliyekufa mwaka 1541, alilitumia kwa kiini cha divai kilichochujwa, kwa kuwa kilikuwa laini katika vimiminika kama wanja ulivyo katika unga. Katika karne ya 18 divai ikasahauliwa, na kiini kikabaki na jina la wanja. Hivyo kinywaji kilichokatazwa katika Uislamu kinaitwa duniani kote kwa jina la Kiarabu ambalo Waarabu hawakulitoa kwa maana hiyo.

Mambo yaligeuka katika karne ya 17. Cambridge waliweka kiti cha mwalimu mkuu wa Kiarabu mwaka 1632, na Oxford mwaka 1636. Watu waliosoma sarufi walijua kwamba "al" si mwili wa jina. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya Kurani kupigwa chapa, ya mwaka 1649, iliyotoka katika Kifaransa, ilikiita kitabu "Alcoran". George Sale, aliyefasiri kutoka Kiarabu chenyewe mwaka 1734, aliandika "Koran", kisha akaeleza katika anwani hiyohiyo kwamba ndiyo iitwayo na wengi "Alcoran". Anwani moja ya kitabu yaonyesha mlango ukifungwa. Biashara nayo ilikuwa imefungua njia za baharini. "Coffee" ilifika kwa njia ya Waturuki bila ya "al", na "monsoon" ililetwa na Wareno waliojifunza neno "mawsim" katika Bahari ya Hindi, yaani neno lilelile ambalo Waswahili walilifanya "msimu".

Hapo ndipo njia ya Kiingereza inapogusana na ya Kiswahili, na hapo mlinganisho una manufaa. Majina ya bidhaa na ya vitu vya kushikwa yaliyoingia Kiswahili kutoka Kiarabu yalikuja kwa kawaida bila ya "al": sukari, kahawa, sabuni, karatasi, sahani, sanduku, hariri. Yumkini ni kwa sababu yalinunuliwa na kuuzwa katika mazungumzo ya watu waliokaa pamoja, wakaoana na kusomeshana, wala hayakunakiliwa kutoka katika maandishi ya watu wa mbali. Tena pwani kulikuwa na vyuo ambamo sarufi ya Kiarabu ilisomwa. Mwenye kujua kwamba "al" ni mlango hakuibeba pamoja na nyumba.

Neno "kuba" ni mfano mzuri. Kwa Kiarabu ni "qubba". Hispania iliichukua pamoja na "al", ikaifanya "alcoba", na maana ikashuka kutoka paa la mviringo hadi chumba cha kulala. Ufaransa ikaipokea, na Kiingereza katika karne ya 17 kikapata "alcove", kipembe cha chumba kilichoingia ndani ya ukuta. Paa limepotea kabisa. Katika Kiswahili "kuba" imebaki kuwa kuba. Atakaye kuiona na aende Kilwa Kisiwani, kwenye msikiti mkuu wa mji ule ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331, ainue macho.

"Amiri" nayo imekaa salama katika Kiswahili, na jeshi la Tanzania lina Amiri Jeshi Mkuu. Kiingereza kina "admiral", ambamo "al" imekaa mwishoni badala ya mwanzoni. Cheo cha Kiarabu kilikuwa "amir al-" na jina la kitu anachokiamrisha mtu. Wazungu walilikata katikati, wakachukua amiri na "al" yake, wakaacha anachokiamrisha. Kisha ikaongezwa D kwa kudhani kwamba neno lina uhusiano na Kilatini cha kustaajabia. Na "udi", ala ya muziki ambayo bila yake taarabu ya Unguja isingekuwa taarabu, kwa Waspania ilikuwa "al-'ud", wakaifanya "laúd". A ikadondoka, L ikabaki, na Kiingereza kikasema "lute". Katika neno hilo nusu ya mlango imejengwa ndani ya ukuta.

Lakini Kiswahili nacho kina "al" zake, na asiyezikiri atakuwa amepima kwa vibaba viwili. Alfajiri, alasiri na Alhamisi zimekuja nayo. Adhuhuri na asubuhi zimekuja nayo pia, japo imemezwa. Nyingi za hizo ni nyakati, na nyakati Mswahili alizijua kwa adhana na sala, ambamo maneno husemwa kwa namna moja kila siku, si kwa mazungumzo ya sokoni. Magharibi na isha, hata hivyo, ni nyakati za sala na hazina "al", kwa hiyo kanuni hii si ya chuma. Tena mwanafunzi asiione "al" kila mahali. Katika "alama" herufi hizo ni za shina la neno. Na "alisema" na "alikuja" hazidai kitu kwa Mwarabu yeyote.

Vilevile Kiswahili kimefanya kosa lake chenyewe, ikiwa ni kosa. Kiliiona "ki" ya "kitab" kikaidhania ndugu wa "ki" ya "kiti" na "kisu", kikasema "vitabu". Waingereza walikuwa na "napron", wakasikia "a napron" kuwa "an apron", N ikahama, na leo vazi la mpishi ni "apron". Mhispania, Mwingereza na Mswahili wote wamekata kitambaa pasipo mshono. Hakuna aliyesema kwamba Kihispania au Kiingereza si lugha kwa sababu hiyo.

Liko jambo moja la kazi linalowahusu watunzi wa kamusi za Kiswahili. Kamusi hutia alama ya asili mbele ya maneno ya kukopa, na "jabari" huwekewa alama ya Kiarabu kwa haki. Je, "aljebra" iwekewe ipi? Shina ni lilelile, j-b-r. Lakini "jabari" ilivuka Bahari ya Hindi, na "aljebra" ilipita Segovia, Kilatini na Kiingereza, ikafika Afrika Mashariki katika vitabu vya shule. Ndivyo zilivyo "alkali" na "alkoholi". Ndivyo ilivyo "kemia", ambayo imefika bila ya "al" kwa sababu ilikatwa huko Ulaya, si kwa sababu Mswahili aliikata. Aandikaye "Kiarabu" mbele ya "aljebra" amesema kweli juu ya babu na kumficha mlezi. Aandikaye "Kiingereza" peke yake amemtaja mlezi na kumficha babu. Mtu akiandika yote mawili kwa utaratibu atahitaji nafasi zaidi katika ukurasa, na wachapaji hawapendi. Lakini bila ya hivyo mwanafunzi atafunga kamusi akiamini kwamba hesabu ya Baghdad ilibuniwa Uingereza.

Liko na neno "almasi", ambalo ni la ajabu kuliko yote kwa kuwa "al" yake si "al". Wagiriki waliliita jiwe lile "adamas", lisiloshindika. Waarabu walilipokea, D ikageuka L, ikawa "almas". Kisha wao wenyewe wakadhani mwanzo wa neno ni kibainishi chao, wakaanza kusema "mas" peke yake. Kiswahili kilichukua umbo refu kikalihifadhi. Kiingereza kililipata neno hilohilo la Kigiriki kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, kikalifanya "diamond". John Williamson alipoyagundua machimbo ya Mwadui, karibu na Shinyanga, mwaka 1940, yeye aliyaita mawe yale "diamonds" na vibarua wake wakayaita almasi.